Nyekundu ya Taa ya Gadi

Tangu aanze kazi ya enameli, hakuna siku Cheruto aliyouogopa mlango wa tanuri lake kama Jumamosi ile asubuhi. Alikuwa amesimama mbele yake na koleo ndefu mkononi, glavu za ngozi zimemfika viwikoni, na jasho likimtoka hata mahali ambapo joto la moto halikufika. Ndani mle, juu ya wavu, kililala kipande cha shaba cha mviringo ambacho kingetoshea kiganjani mwa mtoto. Juu ya kipande hicho alikuwa ameweka wiki tatu za maisha yake na, ukitaka ukweli wote, maisha yaliyobaki pia.

"Bado dakika ngapi?" Jerry akauliza.

"Tatu. Na usiniongeleshe."

Jerry akanyamaza, lakini macho hakuyanyamazisha. Alikuwa ameketi kwenye kreti chini ya dirisha, mikono imefumbatwa magotini, akimtazama Cheruto kwa namna iliyomfanya Cheruto asahau anashika nini. Jerry alikuwa fundi wa stima. Miaka miwili nyuma aliitwa kwenye chumba hiki cha Bondeni kurekebisha soketi, kazi iliyomchukua dakika kumi. Kurudi kuangalia kama soketi iko sawa kulimchukua miezi minne, na kila aliporudi soketi ilikuwa nzima na Cheruto alikuwa amejipaka wanja. Mwishowe, kwa kukosa kisingizio kingine, akamjengea tanuri.

Majirani walimwita Cheruto msichana wa kuchoma chupa, na hawakuwa mbali na ukweli. Enameli ni kioo kilichosagwa mpaka kikawa unga, kikalowekwa, kikajazwa kwa ncha ya brashi ndani ya vijumba vidogo vilivyozungushiwa waya mwembamba, kisha kikachomwa mpaka kikayeyuka na kushikana na shaba. Alifundishwa na Sista Waithera, mtawa mzee wa Gilgil aliyekuwa akitengeneza misalaba na vikombe vya altare. Sista alikuwa na albamu ya picha alizozikata majaridani tangu ujana wake: misalaba ya Wahabeshi, majalada ya vitabu vya injili, vifungo vya majoho ya wafalme waliokufa miaka elfu moja iliyopita. Cheruto aliisoma albamu ile jinsi wasichana wengine wanavyosoma magazeti ya mitindo. Aliichukua nakshi ya watu wale wa kale, akaigeuza, akaivalisha nguo za leo, na sasa kulikuwa na watu mpaka Nairobi waliovaa vidani vyake.

Hiki kilichokuwa ndani ya tanuri hakikuwa cha mtu wa Nairobi. Kilikuwa bruchi, pambo la kubana kifuani, ya Mama Eucabeth, mamake Jerry.

Nakshi yake ilitoka kwenye ukurasa ambao Cheruto aliupenda kuliko zote, ndege wawili waliotazamana na mti katikati yao. Ndege wa albamu walikuwa tausi, yeye akawafanya korongo. Pembeni, mahali ambapo fundi wa zamani aliweka mizabibu, Cheruto aliweka vistari vilivyokuwa kwenye kibuyu cha maziwa cha nyanyake kule Ndabibi. Na vifuani mwa ndege wale aliweka unga mwekundu uliosagwa kutoka kwa kioo cha taa ya marehemu Mzee Owuor, babake Jerry, aliyekuwa gadi, msimamizi wa behewa la mwisho, wa treni ya mizigo kwa miaka thelathini na moja. Sista ndiye aliyemwambia kwamba mafundi wa enzi zile waliokota vioo vya majengo yaliyobomoka wakavisaga, na kitu cha kale kikapata kuishi tena ndani ya kitu kipya.

Taa yenyewe ilianguka siku ya matanga na kioo chake kikavunjika. Vipande vilihifadhiwa kwenye mkebe wa majani ya chai. Jerry ndiye aliyevileta, vimefungwa kwenye leso, akasema, "Mathe amekupa." Alisema hivyo akiangalia dari. Mwanamume ambaye humtazama Cheruto hata akila mahindi, siku hiyo aliangalia dari, na Cheruto kwa furaha yake hakuona chochote. Aliona tu kwamba mama mkwe aliyemkataa ameanza kulainika.

Maana Mama Eucabeth alikuwa amemkataa, tena bila kuficha. Alisema msichana anayechoma chupa si mtu mwenye kazi. Alisema hajui watu wao, hajui lugha yao, na hajui wafu wao. Alisema safari ya Ndabibi ya kwenda kuposa, iliyopangwa Jumamosi inayofuata, waende wenyewe. Naye Mzee Kibii, babake Cheruto, alikuwa ametuma jibu fupi: atawapokea wageni hata wakija mikono mitupu, lakini wakija bila mamake kijana watakunywa maji langoni na kugeuza gari. Ndiyo sababu ya bruchi. Cheruto hakuwa na maneno ya kumwambia mama yule, basi akaamua kuyasema kwa kitu anachokijua.

"Dakika mbili," akasema, na mlango wa nje ukagongwa.

Haukugongwa kwa hodi ya mgeni. Uligongwa mara moja na kufunguliwa, na Mama Eucabeth akawa ndani, kitambaa cha kichwa kimeenda upande, vumbi la bodaboda kwenye viatu vya kanisani. Mkononi alikuwa ameshika mkebe wa majani ya chai.

Cheruto alimwamkia na kumwonyesha kiti, kile kimoja chenye mto. Mama Eucabeth hakukiangalia.

"Sikuja kukaa."

"Basi hata chai, Mama, iko kwa thamosi."

"Sikuja kunywa chai ya mtu." Akaugeuza mkebe juu chini. Hakuna kilichoanguka. "Kila Jumamosi mimi hufuta ile taa, halafu nafungua huu mkebe naangalia. Miaka mitano. Leo nimefungua nikapata hewa. Ufunguo wa kabati tuko nao watu wawili tu. Jerry, kioo cha baba yako kiko wapi?"

Jerry alisimama. Kreti ikaanguka nyuma yake. Macho yake yakakimbilia dari tena, na hapo ndipo Cheruto alipoelewa.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alimtazama mpenzi wake, na Jerry akayakwepa macho yake kwa mara ya pili katika maisha yao. Kwa hiyo hakupewa. Kwa hiyo alikuwa amechukua kumbukumbu ya mjane, akaitia kwenye kinu na kuitwanga siku mbili, huku akiimba. Ingekuwa rahisi kunyoosha kidole. Neno moja tu, ni yeye, lingetosha, na lingekuwa kweli.

"Kiko kwangu, Mama," akasema. "Mimi ndiye nilikisaga."

"Ulifanya nini?"

"Nilikisaga. Kikawa unga."

Mama Eucabeth alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iendelee. Kisha akashika ukingo wa meza. "Unga," akasema polepole. "Umemtwanga mzee wangu akawa unga."

Wakati huohuo saa ya mezani ikalia. Enameli haingoji watu wamalize kugombana. Sekunde ishirini zaidi na waya zingezama, rangi zingechanganyikana, na kila kitu kingekwisha. Cheruto aliomba radhi, akafungua mlango wa tanuri, na joto likawapiga wote watatu nyusoni. Akaingiza koleo, akautoa wavu, akauweka juu ya tofali.

Mama Eucabeth alisogea akaangalia. Jerry akasogea akaangalia.

Mti ulikuwa unang'aa rangi ya moto. Vistari vya kibuyu vilionekana. Lakini vifua vya ndege, vyote viwili, vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni.

Nje, mwenye kibanda cha viazi alikuwa akibishana na mteja, na sauti zao ziliingia wazi kana kwamba wako ndani.

"Makaa," Mama Eucabeth akasema mwishowe. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Nilimzika mara moja. Leo wewe umemchoma." Akamgeukia kijana wake. "Na wewe ulimletea. Usiniambie hapana, nakujua tangu ulipokuwa unaficha ripoti za shule chini ya godoro."

"Mathe, nilitaka iwe sapraizi," Jerry akasema. "Nilijua nikikuomba utakataa. Cheru hakujua. Nilimwambia umempa mwenyewe. Yeye hana makosa hata kidogo."

"Yeye amesema ni yeye."

"Ni kwa sababu yeye si mwoga kama mimi."

Cheruto hakuwasikiliza. Alikuwa ameinama juu ya tofali. Nyekundu ina tabia moja ambayo wachoma enameli wote wanaijua: ikitoka motoni hutoka nyeusi, na hurudi inapopoa. Nyekundu zake za kununua alizijua, zote zilirudi. Lakini hii hakuwahi kuichoma hivi. Alijaribu mara moja tu, chembe kidogo moja kwa moja juu ya shaba, na chembe ile ilitoka nyeusi, ikapoa nyeusi, na iko nyeusi mpaka leo kwenye rafu. Mara hii alikuwa ameitandikia kioo cheupe na utando wa fedha chini yake ili isiguse shaba. Hakukuwa na unga uliobaki wa kujaribu mara ya tatu.

Alipoinua uso, Mama Eucabeth alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mama, naomba ungoje."

"Ningoje nini?"

"Kipoe. Dakika nne tu. Siahidi kitu, kwa sababu sijui. Inaweza kubaki hivyo. Ikibaki hivyo nitakuja nyumbani nikuombe msamaha mbele ya watu wako wote, na Ndabibi hamtaenda, na mimi sitakulaumu. Lakini ngoja tu kipoe."

Hakujua ni neno lake lipi lililomgusa. Alichoona ni mkono wa yule mama ukibaki juu ya komeo bila kulivuta, na mgongo wake, uliokuwa umenyooka tangu alipoingia, ukishuka kidogo.

Mama Eucabeth hakurudi, wala hakutoka. Akasimama palepale. "Unajua ni nini kinaniuma?" akasema, akiuambia mlango. "Si kioo. Jerry ndiye wa mwisho. Wengine wako mbali na maisha yao. Akienda Ndabibi akalete mke, huyo mke atanichukulia kijana kila Krismasi ampeleke kwao. Nyumba itabaki na mimi na ile taa. Nayo taa ni jicho tupu bila kioo, na sasa hata mkebe ni hewa."

Jerry alimwendea mamake akasimama karibu naye bila kumgusa.

Tik.

Sauti ndogo, kavu, ilitoka juu ya tofali. Cheruto alifumba macho. Hiyo ndiyo sauti ya kioo kikipasuka kinapokataa shaba, sauti aliyoisikia mara nyingi usingizini. Akahesabu pumzi tatu, akayafumbua. Ndege walikuwa wazima. Ni wavu uliolia, wavu mzee wa waya ambao alikuwa ameshaapa mara kumi kununua mwingine badala yake.

Na kwenye ukingo wa kifua cha ndege wa kushoto, weusi ulikuwa umeanza kulegea.

Kwanza ukawa kahawia. Kisha rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyokolea. Halafu, kutoka pembeni kwenda katikati, bila haraka yoyote, nyekundu ikaanza kurudi. Cheruto alimwita Jerry kwa mkono. Jerry akaja, akaona, akaufunika mdomo wake. Ndege wa kulia alifuata. Fedha iliyokuwa chini ilishika mwanga wa dirisha na kuurudisha juu kupitia kioo, na vile vifua viwili vikawaka, si nyekundu ya duka, bali nyekundu nzito, ya zamani, iliyopita stesheni nyingi.

"Mathe," Jerry akasema. "Kuja uone."

Mama Eucabeth alikuja polepole. Aliinama, akatoa miwani kwenye mkoba, akaivaa, akainama tena. Alikaa hivyo mpaka Cheruto akaanza kuogopa upya. Kisha mabega ya yule mama yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kujua kama analia au anacheka, maana alikuwa akifanya yote mawili.

"Ni hiyo," akasema. "Ni hiyo kabisa."

Ndipo akawasimulia jambo ambalo hata Jerry hakuwahi kulisikia. Zamani hizo alikuwa msichana, akikaa kwa shangazi yake karibu na reli. Owuor akipita kwenye behewa la mwisho jioni, aliigeuza taa upande wake, ile nyekundu. Si kwa dereva, kwa dereva ingekuwa balaa. Kwake yeye peke yake, aliyesimama uani akijifanya anaanua nguo. Walikuwa wamepatana maana yake. Nyekundu ilimaanisha: ningoje, narudi. Angefukuzwa kazi kama wangejua. Miaka miwili alimgeuzia taa, na miaka miwili alingojwa, na nguo za shangazi zilianuliwa kila jioni hata kama hazijakauka.

"Uliponiambia ningoje," akamwambia Cheruto, "miguu ilikataa kutoka."

Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akauliza hawa ndege ni akina nani. Cheruto akaona haya, akasema mmoja ni Mzee, na mwingine ni yeye.

"Huyu ni mimi? Mbona ni mnene hivi?"

"Mama, waya ulinishinda pale kwa kona."

"Waya," Mama Eucabeth akasema, na safari hii alikuwa akicheka peke yake. "Na haya ya pembeni?"

"Ni ya kibuyu cha nyanya yangu. Nilitaka kwetu kuwe karibu nanyi. Kuwazunguka tu, si kuwachukua."

Mama Eucabeth alivihesabu vile vistari kimoja kimoja. Kisha akamuuliza Cheruto kwa nini hakusema kwamba alidanganywa, wakati neno lilikuwa mdomoni na mwenye kosa amesimama pale.

"Uliuliza kioo kiko wapi," Cheruto akasema. "Kilikuwa kwangu."

Yule mama aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, taratibu. Kisha akamgeukia mwanawe na kumpa dakika mbili za Kijaluo zisizohitaji mkalimani, na Jerry alizipokea zote akiangalia chini. Alipomalizana na mamake, Jerry alimgeukia Cheruto, akamwambia amekosa, na kwamba hana la kujitetea ila kuogopa kumkosa.

"Mimi nilikuamini," Cheruto akasema. "Nilisaga nikiimba, Jerry."

"Najua. Nilikusikia. Kila siku nilitaka kukuambia, nikashindwa."

"Siku nyingine ushindwe kudanganya. Ukirudia, kwa hilo tanuri utaingia wewe."

Lakini alikuwa ameshamtazama, na hilo lilikuwa kosa. Jerry aliyainua macho, mekundu, yamejaa maji, na safari hii hayakukimbilia dari wala sakafu. Yalibaki kwake. Hasira ya Cheruto ilijaribu kusimama ikakosa pa kushika.

Mama Eucabeth alinyoosha mkono kuichukua bruchi. Cheruto akamzuia, bado ina moto, akamwambia, na tena haijaisha. Ukingo unataka kupigwa msasa, pini ya nyuma haijawekwa, labda kazi ya saa mbili hivi. Angeimaliza leo na kumpelekea nyumbani jioni.

"Hapana," Mama Eucabeth akasema. "Haitoki tena machoni pangu."

Akaenda kwenye kiti kile chenye mto, akakipiga vumbi ambalo hakikuwa nalo, akaketi. Alivua viatu vya kanisani, akaviweka kando, akaurekebisha mkebe mtupu mapajani mwake.

"Ile chai bado iko?"

Jerry alikaribia kuangusha thamosi kwa haraka ya kumimina. Bruchi ilipopoa kabisa, Cheruto alichukua jiwe la msasa na kuanza kuusugua ukingo chini ya maji, akimpa yule mama kisogo ili asionekane anavyolia.

"Nyara," Mama Eucabeth akaita. Binti yangu. Cheruto alilijua neno hilo. Jerry alikuwa amemfundisha zamani, wakati wa matumaini. "Jumamosi nikifika kwenu, mama yako nitamsalimia vipi? Sitaki nisimame kwa watu na hii kitu kifuani nikiwa bubu."

Cheruto aliyafunga maji ili sauti yake isikike. "Utasema, chamgei."

"Chamgei," Mama Eucabeth akajaribu, na neno likatoka na lafudhi ya kando ya ziwa, limegeuka kidogo, zuri. "Na yeye atajibu nini?"

"Atasema, chamgei mising."

"Hiyo ni ndefu. Rudia polepole," akasema, akipuliza chai yake. "Mimi leo siendi popote."